Namba Kumi na Saba Ilikuwa na Sura Tatu

Namba kumi na saba ilikuwa na sura tatu. Jumatatu ilikuja na sura ya mama mnene mwenye pengo, ambaye ndiye aliyeandikishwa. Katikati ya wiki ilikuja na sura ya shemeji yake, mwembamba, mwenye kikohozi. Siku ya soko ilikuja na sura ya binti yake, ambaye hakujua kutofautisha punje nzima ya kahawa na punje iliyoliwa na wadudu. Wote watatu walivaa kipande kilekile cha bati, kimetobolewa tundu na kuning'inizwa shingoni kwa uzi wa katani, na wote watatu walinishangaa nilipowazuia mlangoni.

"Dada, kwani hii si kumi na saba?" shemeji aliniuliza asubuhi moja, akiinua bati mbele ya uso wangu kana kwamba macho yangu ndiyo yenye kasoro.

"Ni kumi na saba."

"Basi mimi ndiye kumi na saba. Nipishe, baridi inaniingia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza siku zangu karibu zote mwaka ule: nimesimama kwenye mlango wa ghala mtaa wa Bagamoyo, hapahapa Tukuyu, si ule mji wa pwani, ukungu umekaa juu ya mabati, koti la kazi limelowa mabegani, nikigombana na watu wazima juu ya nani ni nani.

Ghala lilikuwa la ushirika zamani. Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa, na kila msimu ulileta magari mapya yenye nembo mpya milangoni. Wengi walinunua, wakapakia, wakaondoka. Mama mmoja alikuja kukaa. Alitoka Kenya, ametumwa na kampuni ya kwao. Alipanga ghala, akalipaka chokaa, akaingiza meza ndefu za kuchambulia kahawa, na akatangaza kwamba kahawa ikiisha tutachambua maharage, kwa hiyo kazi itakuwa ya mwaka mzima. Sisi tulimwita Mama Meneja. Alikuwa mfupi, mwenye sauti iliyofika nyuma ya ghala bila kupandishwa, na ndani ya kikapu chake cha ukindu, pamoja na ndizi zake za mchana, alitembea na kitabu cha sheria za kazi za Tanzania.

Kitabu kile alikuwa amekisoma mpaka kurasa zimelegea. Saa za kazi, mapumziko, likizo, ugonjwa, uzazi, onyo, kuachishwa: hakuna alichokisahau. Wanunuzi wengine waliajiri kwa kusimamisha gari barabarani na kupiga honi. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitesa hivi. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Wewe ukikosea hapa uko na mjomba, uko na mchungaji, uko na mtu wa kukuombea msamaha. Mimi niko na nani? Mgeni akivunja sheria ya watu, hakuna mtu atamuuliza alikuwa anafikiria nini. Watafunga mlango tu."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani, maana na mimi sikuwa na mtu wa kuniombea. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla nyasi hazijaota kwenye kaburi lake. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikabaki nyumbani, mtaa wa Kawetele, na wadogo zangu watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Siku ya kumaliza matanga ya mama, baba mdogo alisimama mbele ya ukoo na kuwagawa. Anayenifuata aende Isongole kwa shangazi, akasaidie kwenye viazi. Wa tatu aende Mbeya. Mdogo kabisa atamchukua yeye mwenyewe. Alisema bila ubaya, kama mtu anayegawa miche kabla mvua haijakatika. Mimi nilisimama nikasema watoto hawaendi popote, nitafanya kazi, tutakaa wote kwenye nyumba ya baba.

"Kazi gani?" aliuliza.

"Nitachuma chai."

"Hicho kibarua. Leo upo, kesho hupo. Kibarua hakilei watoto." Akafikiri kidogo. "Ukipata kazi ya kudumu, yenye mkataba, mimi nitanyamaza. Usipopata mpaka mavuno ya mwakani, watoto wanaondoka, na usilie."

Ndiyo maana niliposikia kuna Mkenya anaajiri kwa mkataba, nilikuwa wa kwanza kufika pale ghalani, kabla hata chokaa haijakauka.

Siku ya kuajiri ilikuwa vurugu tupu. Mama Meneja aliamuru mkataba usomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kwa kila mtu. Alipoona naweza kusoma bila kukwama akanipa mimi kazi hiyo, na kufikia mchana sauti yangu ilikuwa imekauka. Wazee walitaka niwaeleze kwa Kinyakyusa, vijana walitaka nifupishe, na wote waliogopa kuweka sahihi.

"Mbona mrefu hivi?" bibi mmoja aliuliza. "Mimi nauza shamba?"

"Huuzi kitu, bibi. Unaajiriwa."

"Nilipoolewa sikuandika hata mstari, na bado nipo. Hiki kinachosema majaribio ni nini?"

"Ni mwaka wa kwanza. Mwajiri anakuangalia kama unaweza kazi."

"Aniangalie mimi? Nimezaa saba! Mwambie yeye ndiye nitamwangalia."

Watu wakacheka mpaka meza zikatikisika. Mama Meneja akaniuliza wanacheka nini, nikamweleza, naye akajibu kwa uzito kabisa: "Mwambie yuko na haki. Hata yeye anaweza kuacha kazi wakati wa majaribio. Kifungu kiko." Nikamwambia bibi. Bibi akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akabonyeza kidole gumba chake kwenye wino.

Jioni ile Mama Meneja alinifanya msimamizi, kwa majaribio kama wengine wote. Alinikabidhi koti la kazi la bluu, kalamu yake na boksi la vipande vya bati vyenye namba. Vipande vile ndivyo vilivyoniletea balaa.

Watu wetu wengi walitoka kwenye mashamba ya chai. Kule, tangu zamani, mtu alikuwa namba. Kapu lina namba, karani kwenye mizani anaangalia namba, anaandika kilo. Hakuna aliyeinua macho kuona ni nani amebeba kapu. Mume akiwa na msiba, mke anabeba kapu lake. Mke akijifungua, wifi analibeba. Namba ilikuwa mali ya nyumba, kama jembe. Anayeamka na nguvu ndiye anayeishika. Hawakuona wizi ndani yake na wala haukuwamo. Mtu aliyeacha namba yake ilale siku nzima ndiye aliyeonekana mzembe, na siku zote alikuwepo mwingine barabarani wa kuiokota.

Kwa hiyo tulipogawa vipande vya bati, kila mtu alienda navyo nyumbani na kuvitundika msumarini, na nyumba nzima ikafurahi kwamba imepata kazi.

Mama Meneja aligundua kwa kahawa. Meza moja ilitoa kahawa safi leo, kesho yake chafu, keshokutwa safi tena. Alikuja akasimama nyuma ya namba kumi na saba, akamwangalia, akarudi kwangu.

"Huyu ni nani?"

"Shemeji wa kumi na saba."

"Ati shemeji? Mkataba niliandika na shemeji?" Alifungua kitabu papo hapo, ndizi zikaanguka chini. "Huyu akianguka hapa avunjike mguu, mimi naambia serikali ni nani? Ni mtu alikuwa anapita njia? Sitaki kuona mtu bila mkataba kwa meza yangu. Kila namba na mwenyewe. Wewe ndiye mlango."

Nikawa mlango. Kila asubuhi nilirudisha watu, na kila asubuhi walinisema. "Amepewa koti, sasa haoni watu." "Amesahau nani alimkandia udongo nyumba ya baba yake." Kikohozi cha shemeji wa kumi na saba nilikifahamu kabla hajakata kona. Sheria zilikuwa zimeandikwa ziwalinde, na kila sheria niliyowapelekea waliirudisha kama chakula kilichochacha. Niliwaambia kuna mapumziko ya chai. Wakasema hawataki chai, wapunguziwe muda waende shambani. Niliwaambia ukiugua baki nyumbani, nenda hospitali, leta cheti, mshahara hautaguswa. Waliitikia kwa Kinyakyusa "ndaga, dada", yaani asante, na kesho yake mgonjwa alileta mdogo wake.

Ya mwenye mtoto mchanga ndiyo iliyonimaliza kabisa. Alijifungua, nikampelekea mwenyewe karatasi ya likizo ya uzazi mpaka nyumbani. Mtoto akiwa bado hajadondoka kitovu nikamwona mama yake mlangoni, kajifunga kanga kiunoni, mtoto mgongoni, bati shingoni.

"Rudi nyumbani," nilimwambia.

Akaanza kulia. "Nimekosa nini? Unanifukuza?"

"Sikufukuzi, nakupumzisha! Una miezi mizima. Kaa na mtoto."

"Na nafasi yangu nani ameikalia?"

"Hakuna. Ipo wazi. Inakusubiri."

Aliacha kulia kwa mshangao. Alichungulia juu ya bega langu mpaka akakiona kiti chake, kweli kitupu. "Gwe, wewe," alisema polepole, "kiti kitupu kinamsubirije mtu?" Hakuniamini hata kidogo. Aliondoka akigeuka kila hatua, na siku zilizofuata alipita barabarani mara kwa mara na mtoto wake, akichungulia kama kuna mtu amekaa.

Kila jioni, wakati wadogo zangu wamekaa jikoni wakisubiri ndizi ziive, nilimwaga yote. Niliwaigiza. Kumi na saba ni mnene, ana pengo, akidanganya anafunika mdomo. Tisa ana ndevu kama za beberu na anatembea akiegemea kushoto. Ishirini na mbili anasalimia kwa kupiga magoti hata kama ana gunia kichwani. Wadogo walicheka mpaka wakalala chini. Anayenifuata, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, hakucheka sana. Alikuwa mtoto wa kusikiliza. Ungemwambia chota maji kwenye bomba la juu, asingechota la chini hata la juu likiwa limekauka.

Siku moja Mama Meneja aliniita akanionyesha barua. Afisa kazi angekuja kutoka Mbeya kukagua ghala, na siku aliyochagua ndiyo siku ambayo majaribio yetu yalikuwa yanaisha.

"Mikataba ya kudumu nimeshaandika," alisema. "Yako iko juu kabisa. Lakini siku hiyo nikipata sura moja hapa ndani si ya mwenyewe, mimi sitasaini kitu ya mtu yeyote. Umenielewa? Naweza kupoteza kibali."

Nilimwelewa. Mavuno yalikuwa yamekaribia, na baba mdogo alikuwa ameanza kupita nyumbani bila kukaa, akiangalia paa, akiangalia watoto, akiuliza nguo za mdogo kabisa zinatosha begi gani.

Nilifanya maandalizi kama ya harusi. Nilipita nyumba kwa nyumba Bagamoyo na Kawetele. Niliwaapisha. Mama wa kumi na saba alifunika mdomo akaapa kwamba atakuja mwenyewe.

Siku mbili kabla, nikaanza kutetemeka. Nilijisemea ni baridi. Nikanywa chai ya tangawizi, nikaenda kazini, nikarudi nikiwa sioni njia vizuri. Asubuhi ya ukaguzi nilijaribu kuinuka kitandani na nyumba ikazunguka. Nililala tena, nikisema nitainuka sasa hivi, na nilipofungua macho jua lilikuwa limeshavuka mgomba wa mbele.

Nyumba ilikuwa kimya. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekaa mlangoni akinichunga.

"Dada yako yuko wapi?" nikauliza.

"Ameenda kazini."

"Kazini kwa nani?"

"Kwako."

Niligeuka kuangalia msumari ukutani. Koti la bluu halikuwepo.

Nilichosema pale siwezi kukiandika. Mwaka mzima nimesimama mlangoni nikiwafukuza mashemeji wa watu, na siku ile moja, nyumba yangu mwenyewe ilikuwa imefanya kama nyumba zote. Nilijifunga kanga mbili, nikatoka. Lori la viazi lililokuwa likishuka kutoka Isongole lilinikuta barabarani nimeshikilia nguzo, dereva akasimama.

"Hospitali?" aliuliza.

"Kazini."

"Dada, wewe unahitaji jeneza, si kazi. Panda."

Nje ya lango la ghala nilikuta mkutano. Shemeji wa kumi na saba alikuwepo, maana mama wa kumi na saba hakutimiza kiapo. Walikuwepo wengine watatu wa aina yake. Na katikati yao, akipiga kelele kuliko wote, alikuwepo mwanamume nisiyemfahamu, mwenye kidevu cheupe kinachong'aa. Alipotembea kuja kwangu akiegemea kushoto ndipo nikamtambua. Alikuwa namba tisa mwenyewe, yule halisi.

"Nimenyoa ndevu kwa heshima ya serikali!" alinipigia kelele. "Nimenyoa, nimepaka mafuta, mdogo wako ananiambia sura hailingani! Ati namba tisa ana ndevu kama beberu! Nani alimwambia mimi beberu?"

"Na yeye sura yake inalingana na nini?" shemeji akadakia, na wote wakaangua kicheko. "Kamwulize! Anatufukuza sisi wa kuazima, na yeye wa kuazima!"

Nilimwambia tisa aingie, nikapita katikati ya vicheko. Ndani, watu walikuwa wameinamia kahawa kama wanasali. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa amesimama wima kwenye nafasi yangu, koti limemfika magotini, kalamu ya Mama Meneja mkononi. Mbele yake alikuwepo afisa kazi, mwanamume mrefu mwenye sweta, faili kwapani, uso wa mtu aliyesafiri kwenye vumbi. Mama Meneja alikuwa pembeni yake, macho hayabanduki kwenye koti.

"Wewe ndiye msimamizi?" afisa alikuwa anauliza.

"Ndiyo, leo," mdogo wangu akajibu.

"Leo? Na jana?"

"Jana dada."

"Na kesho?"

"Akipona, dada. Asipopona, mimi."

"Una mkataba?"

"Dada anao. Mimi nimekuja kumshikia nafasi isipotee." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa: "Nimewarudisha wote ambao si wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeingia."

Mtu fulani kwenye meza za nyuma akashindwa kujizuia, akakohoa kicheko. Afisa aligeuka, akaniona nimeshika fremu ya mlango.

"Wewe ndiye dada."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Kidogo."

"Sheria inasema nini mfanyakazi akiugua?"

Nilimsomea kifungu chote, neno kwa neno, meno yakigongana. Nilikuwa nimekisoma kwa watu mara nyingi mno.

"Vizuri," alisema. "Unakijua. Sasa huyu anafanya nini hapa?"

Labda ilikuwa homa. Labda ulikuwa ule mwaka mzima wa kusimama mlangoni. "Mzee," nilisema, "hata mimi sijui! Nimewafukuza watu hapa mpaka wananiita mchawi. Nimemrudisha mzazi nyumbani kwake analia. Nimewaambia kiti kitawasubiri, kiti kitawasubiri, na hakuna anayeamini, na leo nimegundua hata nyumbani kwangu hawaamini. Ameona sikuamka, akavaa koti. Sikumtuma! Lakini ningekuwa mimi ni yeye, na yeye ndiye mgonjwa, ningelivaa hata kabla ya kunawa. Nani hapa amewahi kuona kiti kitupu kikabaki kitupu? Wewe umewahi?"

Afisa akafungua faili.

"Mimi naandika nilichokiona," alimwambia Mama Meneja. "Mtu asiye na mkataba amekutwa anasimamia kazi. Na lazima niandike mwajiri amechukua hatua gani. Mnachukua hatua gani?"

Nilijua jibu. Mtu wa majaribio hana mlolongo wa barua wala vikao. Unamwambia asante, nenda nyumbani, na afisa anaandika kwamba mhusika ameachishwa, mgeni anabaki na kibali chake, na kila kitu kinakuwa safi. Ningekuwa Mama Meneja, nisiye na mjomba wala mchungaji katika nchi ya watu, hivyo ndivyo ningefanya. Nilianza kufikiria begi la mdogo wetu wa mwisho.

Mama Meneja alikwenda kwenye kikapu chake. Akatoa kitabu, akafungua ukurasa, akasoma peke yake, midomo ikicheza. Akatoa ndizi zilizomzuia, akaziweka mezani. Akatoa bahasha.

"Nampa onyo," alisema. "Ya maandishi."

"Onyo kwa mtu wa majaribio?" afisa akauliza. "Mtu wa majaribio..."

"Najua mtu wa majaribio anaambiwa nini. Nimesoma. Lakini majaribio yake inaisha leo, na leo ndiyo hii. Mkataba wake wa kudumu uko hapa. Anasaini mkataba, halafu nampa onyo. Siwezi kuonya mtu ambaye si wangu."

"Kwa utaratibu huo?"

"Wewe niambie kifungu gani nimevunja."

Nilimwona afisa akipitia vifungu kichwani mwake, kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu funguo. "Hakuna," alisema mwishowe, na nadhani alitabasamu, ingawa alikuwa ameinama kuandika.

Mama Meneja alimnyang'anya mdogo wangu kalamu. "Hii ni yangu," alimwambia, "na wewe usikanyage hapa tena mpaka siku utaleta barua yako mwenyewe ya kuomba kazi." Akanigeukia. Alikuwa amekasirika kweli. Akaandika onyo palepale, kalamu ikikwaruza, akanisogezea karatasi zote mbili. "Saini hapa. Sasa hapa. Hiyo ya pili soma kabla ya kusaini, ni haki yako."

Niliisoma. Ilisema nimeruhusu au nimeshindwa kuzuia mtu asiye mwajiriwa kukaa kwenye nafasi yangu. Nikasaini.

"Sasa nenda hospitali. Ukirudi hapa kesho bila cheti cha daktari, nitakupa onyo ya pili."

Nililala wodini, na niliporuhusiwa, mdogo wangu alinisindikiza nyumbani akiwa amenuna. Njia nzima alitaka kujua kosa lake lilikuwa wapi, maana aliwarudisha wote, akamrudisha hata yule mwenye kidevu cheupe. Nilianza kumweleza, nikaishia njiani, nikakaa kwenye jiwe. Sikuwa na nguvu ya kuanza upya.

Jumapili, baada ya ibada, baba mdogo alikuja. Safari hii alikaa. Alikuwa amekuja na begi tupu, akaliweka karibu na mguu wa kiti. Wadogo zangu walikuwa nyuma ya jiko, wametega masikio. Nilimpa mkataba. Aliusoma kwa muda mrefu, akiusogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Maneno mazuri," alisema. "Ushirika nao ulitupa maneno mazuri. Mtu anaweza kuandika chochote, gwe mwana. Akifunga ghala kesho akarudi kwao, hii karatasi utakula?"

Nilinyosha mkono aurudishe. Nilichoka. Nilichokuwa nacho kilikuwa karatasi ya pili tu, na sikukusudia kumwonyesha, lakini ilikuwa imekunjwa pamoja na ya kwanza, na ilianguka alipotaka kunirudishia. Akaiokota, akaisoma.

"Hili onyo?"

"Ndiyo, baba."

"Wewe ulikosa, yeye akaandika?"

"Ndiyo."

"Na mbele ya serikali akaandika?"

"Ndiyo. Afisa ana nakala."

Yeye alikuwa amechuma chai ujana wake wote, na siku aliyoumia mgongo aliambiwa na mnyapara kwa mdomo tu kwamba kapu lake limepata mtu. Alisoma karatasi ile mara ya pili, kidole kikifuata mistari.

"Mimi hakuna aliyewahi kuniandikia hata hili," alisema. "Kibarua akikosa, hapewi barua. Kesho yake anakuta mwingine. Huyu mama amekasirika, akachukua kalamu, akakuandika, akakuacha na kazi yako." Alikunja onyo kwa uangalifu kuliko alivyokunja mkataba, akanirudishia. "Hii uiweke vizuri. Hii ndiyo naiamini."

Kisha akalisukuma begi chini ya kiti kwa kisigino, akauliza kama katika nyumba hii watu wanakunywa chai au wanaangaliana tu. Nyuma ya jiko nikasikia sufuria ikigonga mafiga, kabla hata sijamwita mtu.